Mchezo upi unaukamua mwili kuliko yote?

Asubuhi ya Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu aliingia uwanjani jijini Tokyo akiwa ameshakimbia karibu kilomita 42, na mbele yake alikuwepo mtu. Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa anaukimbilia utepe. Simbu, askari wa JWTZ kutoka Singida, akabadili mwendo. Magoti yakapanda, mikono ikaanza kupiga kama ya mkimbiaji wa mita mia, pengo likaanza kuliwa. Petros akajirusha mstarini akaanguka chini. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48, na picha ya mstari ndiyo iliyoamua kwamba Simbu alitangulia kwa sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Wiki ile kijiweni kwetu hapakuwa na habari nyingine, na kutoka kwa Simbu maneno yakahamia kwenye swali la zamani: ni mchezo gani unahitaji mtu awe fiti kuliko michezo yote? Wa kwanza akasema marathoni, hakuna cha kujadili. Jirani yangu, aliyewahi kupigana ngumi za ridhaa, akaweka kikombe chini. "Mpandisheni mkimbiaji yeyote ulingoni raundi tatu tu, halafu mje mnieleze." Kijana mmoja akauliza kwa nini tunasahau wanaoendesha baiskeli milimani kutwa nzima. Mwingine akaleta mpira. Tuliachana usiku bila muafaka.

Nimelifikiria sana swali lile, kwa sababu kila aliyezungumza alikuwa na hoja. Tatizo liko kwenye neno lenyewe. Mchezaji asiyechoka tunasema ana mapafu ya mbwa. Aliyechoka amekata pumzi, au amekata moto. Mwenye nguvu tunasema mwili umekomaa. Kisha wote hao tunawaita fiti, na neno hilo moja linabeba mizigo minne: pumzi ya kudumu, nguvu ya kusukuma, uwezo wa kurudia mashambulizi ya kasi bila kupoa, na uvumilivu wa mwili unaopigwa au unaorudi kazini kesho yake. Hakuna mchezo unaodai yote manne kwa kiwango cha juu kabisa kwa wakati mmoja.

Jiko la mkaa ndani ya misuli

Fikiria unavyowasha jiko la mkaa. Kwanza kiberiti: mwali mkali, sekunde chache, umekwisha. Mwali ule unashika mafuta ya taa uliyomwagia: moto mkubwa, moshi mwingi, dakika moja au mbili. Huku nyuma mkaa unashika polepole, na mkaa ndio utakaoivisha maharage.

Misuli inafanya kazi hivyo hivyo. Ina akiba ndogo iliyo tayari kutumika papo hapo bila kungoja oksijeni, na kwa juhudi ya mwisho kabisa akiba hiyo inakaribia kwisha ndani ya sekunde kumi hivi. Ina njia ya pili, ya kuivunja sukari harakaharaka bila oksijeni ya kutosha; hii inatoa nguvu kubwa lakini inaacha tindikali, na ndiyo inayokufanya uhisi mapaja yanaungua. Ya tatu ni ya kuchoma sukari na mafuta kwa oksijeni, taratibu, kwa saa nyingi. Zote tatu zinaanza kazi pamoja tangu hatua ya kwanza. Kinachobadilika ni ipi inabeba mzigo mkubwa.

Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi mwaka 2021 na kuweka rekodi ya Afrika, alimaliza kazi kabla mkaa haujashika. Hewa aliyovuta njiani ilimsaidia kidogo sana. Ni mwili wa ajabu, lakini si mwili ambao kijiwe chetu kilikuwa kinauzungumzia.

Mbio za mita 800 ni habari nyingine kabisa, nami naziona ndizo ngumu kuliko zote za uwanjani. Ni fupi mno kwa mtu kukimbia kwa utulivu, na ni ndefu mno kwa mtu kukimbia kwa kasi yake yote. David Rudisha alifanya kitu London, Agosti 9, 2012, ambacho bado kinanisisimua nikikitazama. Katika fainali ya Olimpiki, bila mwenza wa kumvutia kasi, alitangulia mbele tangu mwanzo, akapita mzunguko wa kwanza kwa sekunde 49.28, akamaliza kwa dakika 1:40.91, rekodi ya dunia. Waliomfuata waliburutwa na kasi ile. Aliyeshika nafasi ya nane, ya mwisho, alitumia 1:43.77. Kwa muda huo angechukua dhahabu ya Olimpiki Sydney, Athens na hata Beijing.

Marathoni ni mkaa mtupu, na balaa lake ni kwisha kwa mkaa. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini haitoshi kwa kilomita 42 kwa watu wengi. Karibu na kilomita ya 30, mtu aliyekuwa anakwenda vizuri ghafla anahisi miguu ni ya mtu mwingine. Mwili unalazimika kutegemea zaidi mafuta, ambayo hutoa nguvu polepole, na kasi inashuka hata kama moyo bado unataka. Simbu alikuwa amekimbia wastani wa dakika tatu na sekunde tano kwa kila kilomita, na mwishoni bado alikuwa na kiberiti mfukoni. Hicho ndicho kilichonishangaza Tokyo, kuliko zile kilomita zenyewe.

Mnorwe na Mkenya kwenye theluji

Wanasayansi wa michezo wana kipimo wanachokiheshimu sana. Wanakuvalisha barakoa, wanakupandisha kwenye mashine ya kukimbilia, wanaongeza kasi mpaka ushindwe, na wanapima ni mililita ngapi za oksijeni kila kilo ya mwili wako inaweza kutumia kwa dakika. Kijana wa kawaida mwenye afya hupata kama 40 au 45. Mchezaji wa soka wa kiwango cha juu huwa kati ya 55 na 65. Wakimbiaji wakubwa wa masafa marefu hupita 70. Halafu wanakuja watelezaji wa theluji wa masafa marefu, wanaume wa Norway, Sweden na Finland, ambao wengi huvuka 80. Bjørn Dæhlie wa Norway, mwenye dhahabu nane za Olimpiki, hutajwa kuwa alifikia 96.

Sababu iko wazi ukiwatazama. Mkimbiaji anatumia miguu. Mtelezaji anapanda mlima kwa miguu huku mikono, mabega, mgongo na tumbo vikisukuma fimbo mbili ardhini kwa kila hatua. Karibu kila msuli wa mwili unadai damu kwa wakati mmoja. Moyo wa mtu asiye na mazoezi ukifika mwisho wake husukuma kama lita 20 za damu kwa dakika. Wa hawa hukaribia lita 40.

Basi jibu tumelipata? Kwa kipimo hiki, ndiyo. Lakini kipimo hiki kina mipaka yake, na mtu wa kuionyesha ni kijana mwingine wa Norway, mwendesha baiskeli Oskar Svendsen. Mwaka 2012, akiwa na miaka 18, alipimwa akapata 97.5, namba ambayo ilitikisa maabara za dunia. Mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa vijana katika mbio za kushindana na saa. Miaka miwili baadaye aliacha mchezo. Kwa upande mwingine, wakimbiaji 16 wa kiwango cha dunia waliopimwa katika mradi wa kuvunja saa mbili za marathoni, ule uliokuja kumbeba Eliud Kipchoge, walikuwa na wastani wa kama 71 tu. Kilichowabeba ni ubahili. Mashavu ya miguu membamba, mguu mwepesi kuunyanyua, kano zinazorudisha nguvu kama mpira, mwili usiopoteza kitu. Gari lenye injini ndogo na matumizi madogo linaweza kulipita lenye injini kubwa linalomwaga mafuta njiani.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mtu anayebishana kuhusu jambo hili angepaswa kukijua. Philip Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka Eldoret, mtu wa nyanda za juu, mwenye mapafu na moyo ambao watu wengi duniani wangevitamani. Mwaka 1996 alipelekwa Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji, kitu ambacho hakuwa amekiona maishani. Februari 1998 akasimama kwenye mstari wa kuanzia wa mbio za kilomita 10 za Olimpiki huko Nagano, Japani, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi.

Dæhlie alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alitumia dakika 47 na sekunde 25. Alishika nafasi ya 92, ya mwisho. Na pale mwisho Dæhlie alikuwa bado anamsubiri, akakataa kwenda kuchukua medali mpaka Boit afike, akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya lile kumbatio, na ni haki yao. Mimi hukirudia kwa sababu ya zile dakika 20. Moyo wa Boit ulikuwa na uwezo. Lakini moyo ni mmoja na misuli ni mingi, na kila msuli unafunzwa peke yake. Miaka ya kukimbia ilikuwa imeijaza miguu yake mishipa midogo ya damu na vile vinu vidogo ndani ya seli vinavyochoma sukari kwa oksijeni. Mabega na mgongo wake havikuwa na kitu hicho. Oksijeni ilikuwepo, mahali pa kuitumia hapakuwepo. Ongeza kwamba asiyejua mbinu hupoteza nguvu kwa kila hatua anayoteleza vibaya. Kwa hiyo mtu akisema "mkimbiaji hawezi raundi tatu za ngumi", amesema kweli, na hajathibitisha kwamba ngumi ni ngumu kuliko mbio. Amethibitisha tu kwamba utimamu wa mchezo mmoja hauhamii mwingine kwa urahisi.

Nani anaamua kasi?

Tukitaka kulinganisha kwa haki, tunahitaji swali jingine, na baada ya kuhangaika sana nimeona swali lenye faida kuliko yote ni hili: ndani ya mchezo huo, nani anaamua wakati wa kupumzika?

Ukikimbia peke yako asubuhi, wewe ndiye bosi. Ukichoka unapunguza. Mkimbiaji wa mashindano hana uhuru huo wote, lakini bado anao kidogo: anaweza kujificha nyuma ya wenzake na kungoja. Filbert Bayi alikuwa hatari kwa sababu aliwanyang'anya wenzake huo uhuru mdogo. Christchurch, Februari 1974, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliondoka mbele tangu mwanzo kwa kasi ambayo wataalamu waliiona ni ya mtu atakayekufa njiani. Hakufa. Alimaliza kwa dakika 3:32.16, rekodi ya dunia, na John Walker wa New Zealand aliyekuwa anamfukuza naye akaivunja rekodi ya zamani huku akishika nafasi ya pili. Rekodi ya Bayi ilidumu hadi 1979. Siku ile kila mmoja uwanjani alikimbia kwa kasi iliyoamuliwa na kijana wa Karatu.

Sasa peleka wazo hilo ulingoni. Pale kasi inaamuliwa na mtu ambaye nia yake yote ni kukuangusha. Ukisimama kuvuta pumzi, ndipo anapokuja.

Nilikuwa najidai mtu wa mazoezi nilipoingia kwenye gym ya ngumi ya mtaani. Nilikuwa nakimbia kilomita kumi mara tatu kwa wiki. Gym yenyewe ilikuwa sakafu ya saruji, paa la bati, begi la turubai lililojazwa matambara na mchanga, na kamba zilizochakaa za kuruka. Wiki ya tatu kocha akanivalisha glavu nicheze na kijana mdogo kuliko mimi, mwepesi kuliko mimi, aliyeambiwa asinipige kwa nguvu. Kufikia dakika ya pili mikono yangu haikupanda tena. Siyo kwamba iliuma. Ilikataa, kama mtu anayekataa kuamka. Moyo ulikuwa unagonga kwenye masikio. Kengele ilipolia kocha aliniuliza swali moja tu: "Mdogo wangu, umepumua mara ngapi?" Sikukumbuka kupumua hata mara moja. Nilikuwa nimeibana pumzi kwa hofu kila ngumi ilipokuja, na kila nilipoibana niliukaza mwili mzima, shingo, meno, tumbo, misuli isiyo na kazi yoyote katika kurusha ngumi.

Hapo nilielewa vitu viwili. Kwanza, hofu inakula akiba. Moyo unapanda kabla kazi haijaanza, na misuli iliyokazwa bure inachoma sukari bure. Bondia mzoefu anaonekana mlegevu kwa sababu hii. Ulegevu ule ni utimamu uliofunzwa kwa miaka. Pili, ngumi inayokosa inagharimu kuliko inayopata. Ikigonga, mwili wa mwenzako unaisimamisha. Ikikosa, ni mgongo na bega lako vinavyolazimika kuivunja breki.

Kinshasa, alfajiri ya Oktoba 30, 1974, dunia nzima ilifundishwa somo hilo. George Foreman alikuwa na miaka 25, mapambano 40 bila kupoteza, na katika mapambano yake matatu ya ubingwa hakuna aliyevuka raundi ya pili. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32. Kwa nguvu peke yake hapakuwa na ulinganisho. Ali akaegemea kamba, akaziba uso na mbavu, akamwacha Foreman apige. Hewa ya Kinshasa ilikuwa nzito kwa joto na unyevunyevu. Raundi baada ya raundi ngumi zile za kutisha ziliishia kwenye viwiko na hewani, zikaanza kuja polepole, na katika raundi ya nane Ali akatoka kwenye kamba akammaliza. Foreman hakuwa mzembe wa mazoezi. Alikuwa ameandaa mwili kwa dakika sita, na Ali akampa kazi ya dakika 24.

Mwaka 2004 kituo cha televisheni cha ESPN cha Marekani kiliwakusanya wataalamu wakaipa alama michezo 60 kwa vigezo kumi: pumzi, nguvu, kasi, wepesi, kunyumbulika, ujasiri, uvumilivu wa mwili na vingine. Ngumi zilishika nafasi ya kwanza, magongo ya barafuni ya pili. Orodha ile bado inazunguka mitandaoni kama hukumu ya mwisho. Mimi nakubaliana na jibu lake huku nikiwa na shaka na njia yake, kwa sababu ujasiri na uratibu wa jicho na mkono vilipewa uzito sawa na pumzi. Hivyo ni vipimo vya ugumu wa mchezo. Utimamu wa mwili ni sehemu tu ya ugumu huo.

Mieleka na judo vinastahili neno moja hapa. Mkimbiaji anakaza msuli na kuulegeza, anakaza na kulegeza, na mwendo huo wenyewe unasaidia kusukuma damu. Mpiga mieleka anakaza na kushikilia. Msuli uliokazwa kwa nguvu hubana mishipa yake wenyewe, damu haipiti vizuri, oksijeni haifiki. Jaribu kukamua nguo nzito, blanketi kwa mfano, usiachie kwa dakika moja. Kisha fikiria blanketi lenyewe linajaribu kukuangusha.

Dakika sita majini

Mchezo ambao huku kwetu hatuutazami kabisa, na ambao naamini tungeuheshimu tukiujua, ni mbio za kupiga makasia za mita 2000. Kwa timu za kiwango cha juu zinachukua kati ya dakika tano na nusu na saba hivi. Watu hudhani ni kazi ya mikono. Kiti kinateleza, na nguvu kubwa inatoka mapajani. Mgongo unaipokea, mikono inamalizia. Kila kasia ni kama kunyanyua mzigo kutoka chini, mara zaidi ya mia mbili.

Ukatili wake uko mwanzoni. Mashua iliyosimama ni lazima ikurupushwe, kwa hiyo wanaanza kwa kasi ya juu kabisa, na tindikali inajaa miguuni ndani ya dakika ya kwanza. Wanabaki nayo dakika nyingine tano. Na kasi hawaiamui wao mmoja mmoja: mashua ya watu nane ina mpigo mmoja, na anayelegea analegeza wote.

Hapa pia kuna jambo kuhusu kile kipimo cha oksijeni. Mpiga makasia mara nyingi ni mtu wa kilo 90 au zaidi, kwa hiyo ukigawanya kwa kilo anaonekana wa kawaida mbele ya mkimbiaji. Lakini mashua inabebwa na maji, uzito wake haumlemei kama unavyomlemea anayepanda mlima, na kinachohesabika ni lita zote kwa jumla. Mkimbiaji mwembamba anayekimbia marathoni kwa kasi ya saa mbili anatumia kama lita nne za oksijeni kwa dakika. Wapiga makasia wakubwa huvuka lita sita. Nani fiti kuliko mwenzake? Inategemea unagawanya kwa nini.

Tumbo nalo linachoka

Septemba 2025, siku chache baada ya Simbu kushinda Tokyo, Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Mbio za wanaume zilikuwa na urefu wa kilomita 267.5, zenye vilima vinavyofikia jumla ya zaidi ya mita 5,400 za kupanda, na zote hizo kwenye mwinuko wa kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari ambako hewa ni nyepesi. Ni kama kutoka ufukweni ukaendesha baiskeli mpaka karibu na kilele cha Kilimanjaro, ila kwa vipande, na kati ya kipande na kipande unashuka na kuanza upya. Kulikuwa na kipande cha barabara ya mawe, Kwa Mutwe, ambapo watu wa Nyamirambo walijipanga pande zote wakipiga kelele. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda baada ya zaidi ya saa sita, sehemu kubwa ya mwisho akiwa peke yake. Kati ya zaidi ya 160 walioanza, waliomaliza walikuwa 30.

Na hiyo ni siku moja. Mashindano ya baiskeli ya Ufaransa ya kila Julai, Tour de France, yana hatua 21 ndani ya wiki tatu na kilomita zaidi ya 3,000. Swali linalowatesa waendeshaji kule linahusu kesho: mwili utaamka na nini? Wanachoma kalori zaidi ya 6,000 kwa siku, mara nne au tano ya kile mwili unachotumia ukiwa umelala. Wanakula wakiwa juu ya baiskeli, wanakula wakishuka, wanaamka kula.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliowafuatilia wakimbiaji waliovuka Marekani kwa miezi mitano hivi, ulionyesha kwamba kwa muda mrefu namna hiyo mwili unashuka hadi kama mara mbili na nusu tu ya matumizi ya kupumzika. Watafiti wanaona kikomo kiko kwenye utumbo: hauwezi kufyonza chakula haraka zaidi ya hapo. Mmoja wao, Herman Pontzer, ndiye aliyewahi kupima Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao wanaume wao hutembea kama kilomita 11 kila siku wakiwinda na kutafuta asali. Aligundua kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao ya nishati kwa siku yanakaribiana na ya Wamarekani wanaokaa ofisini. Mwili una bajeti, na unaibana kwa bidii. Mwendeshaji wa baiskeli kwa wiki tatu anaivunja bajeti hiyo kwa kukopa kwenye nyama yake mwenyewe.

Mpira wa miguu? Mchezaji hukimbia kilomita 10 hadi 12 kwa mechi, sehemu kubwa akitembea au kukimbia polepole, huku moyo ukiwa kwenye wastani wa kama asilimia 85 ya uwezo wake. Ugumu wake ni kwamba hajui mbio inayofuata itakuja lini, na baada ya siku tatu ana mechi nyingine, na hivyo hivyo kwa miezi tisa. Ni mzigo mzito. Lakini una pa kupumzikia, mpira unatoka nje, kipa anajiangusha, na wenzako kumi wanakufunika. Kwa kigezo cha nani anaamua kasi, soka iko chini ya michezo niliyoitaja, na nasema hivyo nikiwa shabiki.

Juzi jirani yangu alinibana nichague, nami nilimwambia hivi. Kwa oksijeni kwa kila kilo ya mwili, ni wachache wa kumgusa mtelezaji wa theluji. Lakini kwa mwili unaolazimika kuwa na kiberiti, mafuta ya taa na mkaa kwa pamoja, kwa kasi ya adui, huku ukipigwa, nachagua ngumi. Alifurahi, akataka kuondoka na ushindi wake. Nikamwomba akae, kwa sababu ushahidi unaonifanya niamue hivyo si wa kufurahisha.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 mapambano ya ubingwa wa dunia yalikuwa ya raundi 15. Novemba 13, 1982, mjini Las Vegas, Ray Mancini wa Marekani alipigana na Kim Duk-koo wa Korea Kusini, kijana aliyekuwa ameunyima mwili chakula na maji ili afikie uzito. Walipigana sawa kwa sawa kwa zaidi ya nusu ya pambano. Kisha Kim akaanza kuchoka, mikono ikashuka, kichwa kikawa wazi. Mwamuzi alisimamisha raundi ya 14. Kim alipoteza fahamu muda mfupi baadaye na akafariki siku chache baada ya pambano kwa kuvuja damu kwenye ubongo. WBC, moja ya mashirikisho ya ngumi ya dunia, likapunguza raundi hadi 12, na mengine yakafuata ndani ya miaka michache.

Ngumi ilibidi zifupishwe; marathoni haijafupishwa, urefu wake umekuwa kilomita 42.195 rasmi tangu 1921. Jirani yangu alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia kwamba katika mapambano yake yote ya ridhaa, ya raundi tatu, dakika aliyokuwa anaiogopa ni ile ya mwisho, akiona ngumi inakuja, anajua jinsi ya kuikwepa, na shingo haigeuki.